Kupandikizwa ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hatari na matatizo yake

Maswali haya huulizwa na wagonjwa wanaosubiri ini, waliokwisha kupandikizwa, na ndugu wanaowauguza. Yamepangwa kuanzia maandalizi hadi miaka ya baadaye. Yale ya nadra yako mwishoni. Majibu ni ya jumla. Ini lako lilitoka wapi, liliunganishwaje na unameza nini, hayo timu yako ya upandikizaji ndiyo inayoyajua, na neno lao ndilo la kufuata pale linapotofautiana na lililoandikwa hapa.

## Kabla ya upasuaji

Upasuaji huu ni wa hatari kiasi gani?

Ni miongoni mwa upasuaji mkubwa kabisa wa tumbo. Kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 12. Ini la zamani hutolewa lote, mishipa mikubwa ya damu hubanwa kwa muda, kisha kila kitu huunganishwa upya. Thomas Starzl alipoujaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963, mgonjwa alifia mezani kwa kutokwa na damu. Ilibidi kungoja hadi 1967 kupata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na karibu watatu kati ya wanne huvuka miaka 5. Mabadiliko hayo yaliletwa zaidi na dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae ini, hasa saiklosporini miaka ya 1980 na takrolimasi miaka ya 1990.

Hizo ni takwimu za wastani, na wastani haumlazi mtu kitandani. Muulize daktari: watu wenye hali kama yangu, katika kituo hiki, wamekuwaje? Hatari hupanda kwa mtu mwenye figo zilizoanza kushindwa, moyo dhaifu, misuli iliyokwisha, damu iliyokwisha kuganda kwenye mshipa wa poti (unaoleta damu ya utumbo kwenye ini), au tumbo lililowahi kupasuliwa mara kadhaa.

Kama ni hatari hivyo, si afadhali kusubiri?

Inategemea ini ulilonalo limebakiza nguvu kiasi gani. Vituo vingi hutumia alama ya MELD, inayokokotolewa kutokana na vipimo vya damu: bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), kasi ya damu kuganda, kreatinini (kipimo cha figo) na sodiamu. Alama huanzia 6 hadi 40. Chini ya 15 hivi, kwa wengi upasuaji unahatarisha maisha kuliko kubaki na ini la zamani mwaka huo. Ikipanda, mizani inageuka. Zipo hali ambazo alama hiyo haizioni vizuri, kwa mfano saratani ndogo ya ini au maji ya tumboni yasiyosikia dawa, na hizo hupewa hesabu yake.

Kusubiri kupita kiasi nako kuna gharama. Anayefika mezani hawezi kuinuka, figo zinasafishwa kwa mashine na mikono imebaki mifupa, hupata kwa wingi zaidi karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini. Timu inapokusisitiza ule protini na utembee kila siku wakati wa kungoja, ichukulie kuwa ni sehemu ya matibabu.

Lipi lina matatizo zaidi, ini la marehemu au kipande cha mtu aliye hai?

Kila moja lina lake. Ini zima la marehemu lina mishipa na mirija mikubwa, hivyo kuliunganisha ni rahisi zaidi, lakini limekaa kwenye baridi kwa saa kadhaa bila damu. Kadiri saa zinavyokaribia 12 au kuzipita, ndivyo uwezekano wa kuanza kazi vibaya unavyoongezeka. Vituo vingine sasa huliweka kwenye mashine inayolipitishia kimiminika chenye oksijeni, na njia hiyo imepunguza madhara kwenye mirija ya nyongo.

Kipande cha mtu aliye hai hutoka kwa mtu mwenye afya na hupandikizwa upesi. Ila mirija yake ni midogo, kwa hiyo matatizo ya nyongo ni mengi zaidi. Tena kikiwa kidogo mno kwa mpokeaji (tahadhari huanza chini ya asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake) huzidiwa na damu inayokiingia: manjano inapanda, maji yanajaa tumboni na damu inachelewa kuganda. Hatari kwa mtoaji mwenyewe zina sehemu yake hapo chini.

## Siku na wiki za kwanza

Ini jipya linaweza kugoma kabisa?

Linaweza, katika asilimia chache tu ya upasuaji. Mgonjwa haamki vizuri, sukari inashuka, damu haigandi, asidi inaongezeka mwilini. Ini la namna hiyo halina dawa zaidi ya kutafuta lingine ndani ya siku chache, na kwa kawaida mgonjwa huyo hupandishwa juu kabisa ya orodha.

Usilichanganye hili na ini linaloanza kwa kusuasua, ambalo ni jambo la kawaida zaidi. Vimeng'enya vya ini, vinavyovuja kwenye damu seli zake zinapoumia, huruka juu sana siku ya kwanza na ya pili, kisha huteremka. Ndugu wengi huandika namba kwenye simu na kuogopa ile moja kubwa. Cha kutazama ni zinakoelekea.

Mbona nafanyiwa ultrasaundi kila mara na sisikii vibaya?

Wanaitazama ateri ya ini. Ina upana wa milimita chache tu, na damu ikiganda ndani yake wiki za mwanzo, hilo ni mojawapo ya matatizo yanayoogopwa kuliko yote. Ini hupata damu kwa njia mbili: mshipa wa poti, unaoleta karibu robo tatu ya damu yote kutoka kwenye utumbo, na ateri. Seli za ini zinaweza kujikongoja kwa damu ya poti. Mirija ya nyongo haiwezi, kwa kuwa yenyewe hulishwa na ateri. Ini ulilozaliwa nalo lingejitafutia vijia vya pembeni, lakini lililopandikizwa vijia hivyo vilikatwa lilipotolewa kwa mwenyewe.

Ateri ikiziba bila kujulikana, mirija hufa, nyongo huvuja, na majipu hujitunga ndani ya ini. Likigunduliwa ndani ya saa chache, mara nyingine daktari huweza kuufungua mshipa. Likichelewa, mara nyingi mazungumzo huwa ya ini la pili. Watoto hupatwa zaidi kwa sababu mishipa yao ni midogo.

Maji ya kwenye mfuko wa mrija uliotoka tumboni yamebadilika rangi. Ni nyongo?

Inawezekana. Siku za mwanzo maji hayo huwa mekundu, halafu ya waridi, halafu ya manjano hafifu unayoweza kuona upande wa pili. Yakigeuka ya kijani au ya hudhurungi iliyokolea, yakaacha doa la manjano kwenye bandeji kuzunguka mrija, mwite muuguzi wakati huo huo. Usingoje raundi ya asubuhi. Daktari atapima bilirubini ya maji yale na kuilinganisha na ya damu.

Mirija ya nyongo ndiyo sehemu inayosumbua kuliko zote katika upasuaji huu: kati ya mgonjwa mmoja na watatu kwa kila 10 hupata tatizo hapo. Kuvuja huja mapema, ndani ya wiki za kwanza. Kusinyaa huja polepole, mara nyingi baada ya miezi, kwa dalili za mwili kuwasha, mkojo kukolea, choo kupauka, au homa yenye kutetemeka. Kama mrija wako umeunganishwa na mrija wa zamani, hutibiwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, mrija ukapanuliwa na kuwekewa kijirija cha plastiki, ambacho hubadilishwa kila miezi mitatu hivi hadi njia ikae wazi. Kama umeunganishwa moja kwa moja na utumbo, kamera hiyo mara nyingi haifiki, na daktari hupitia ubavuni kwa sindano. Wachache hurudi kupasuliwa. Ni safari ya kuchosha, lakini wengi huimaliza wakiwa na ini lile lile.

Mzee wetu anaongea vitu visivyoeleweka tangu atoke upasuaji. Ubongo umeharibika?

Mara nyingi hapana. Nusukaputi ndefu, kukosa usingizi chumba cha wagonjwa mahututi, dawa za kushusha kinga kama prednisoloni na takrolimasi, vyote huweza kumvuruga mtu akili kwa siku kadhaa. Mwambieni tarehe, mpeni miwani yake na kifaa chake cha masikio, na usiku taa zizimwe. Akipata degedege, haoni vizuri, au upande mmoja wa mwili umelegea, hilo ni jambo jingine, na daktari ajulishwe papo hapo.

## Mwili kulikataa ini

Nitajuaje kwamba mwili unalikataa ini?

Huenda usijue. Hili wengi hawapendi kulisikia. Ini lililopandikizwa halina mishipa ya fahamu iliyounganishwa upya, na linaweza kushambuliwa kwa wiki nzima huku mgonjwa anakula vizuri, analala vizuri na kucheka na wageni. Dalili zikijitokeza (homa, uchovu, macho kuwa manjano, uzito upande wa kulia wa tumbo) tatizo huwa limesonga mbele. Kinachowahi kusema ni damu: vimeng'enya kupanda. Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu ateri iliyoziba, mrija uliosinyaa na virusi navyo hupandisha namba hizo hizo.

Kwa hiyo kauli ya "sikwenda kupima kwa kuwa nilikuwa mzima" ndiyo inayowatia hofu wauguzi wa kliniki kuliko homa yenyewe.

Mwili ukilikataa, ndiyo mwisho?

Sivyo. Kukataliwa kwa ghafla huwapata takriban wagonjwa 2 kati ya 10, hasa miezi mitatu ya kwanza, na wengi hutulia kwa siku chache za dozi kubwa za methiliprednisoloni kwenye mshipa na kuongezwa dawa za kila siku. Ini ni jirani mvumilivu kuliko figo au moyo katika jambo hili. Kukataliwa kwa polepole ndiko kubaya: mirija midogo ya nyongo hutoweka mmoja mmoja kwa miezi au miaka, na tiba yake ni ngumu. Huwapata wachache, na wengi wao huwa walikuwa wakiruka dozi.

Nimesahau dozi. Nimeze mbili kwa pamoja?

Usimeze mbili. Ukikumbuka mapema, meza ile moja. Ikiwa dozi inayofuata iko karibu, iruke na uandike pembeni. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukiharisha kwa zaidi ya siku moja, piga simu kituoni: kuhara kunaweza kupandisha takrolimasi kwenye damu, kinyume na watu wanavyodhani. Takrolimasi ya mara mbili kwa siku na ile ya mara moja si kitu kimoja hata kama jina ni lile lile. Famasi ikikupa boksi la sura ngeni, uliza kabla ya kulifungua.

Kwa nini nisimeze dawa asubuhi ya kipimo?

Kwa sababu kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa cha dawa, saa 12 baada ya dozi ya jana usiku. Ukimeza nyumbani kisha ukatolewa damu, namba itasoma juu, daktari atapunguza dozi, na wiki mbili baadaye ini linaanza kushambuliwa bila mtu kujua kwa nini. Ibebe dozi mkononi, toa damu, kisha umeze. Kama ulisahau ukameza, sema. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza bado umefanya vizuri kusema.

Dawa zipi na vyakula gani vinagongana na dawa hizi?

Balungi liache kabisa, hata juisi yake. Klarithromaisini, erithromaisini na flukonazo hupandisha takrolimasi hadi kuumiza figo. Rifampisini ya kifua kikuu, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, huishusha hadi mwili kulikataa ini. Ndiyo maana kifua kikuu kwa mtu aliyepandikizwa hutibiwa kwa kupanga upya dozi zote. Ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo ambazo tayari zina mzigo. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi utakachoambiwa na kituo ni salama zaidi.

Dawa za mitishamba ni swali linaloulizwa kwa aibu, kwa hiyo tulijibu wazi: usinywe yoyote bila kuitaja kituoni. Nyingine zinaumiza ini lenyewe, nyingine zinaiamsha kinga inayoshushwa kwa makusudi.

## Maambukizi

Ni lini hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi?

Miezi sita ya kwanza, na aina hubadilika na muda. Mwezi wa kwanza ni bakteria wa hospitalini: kidonda, mapafu, mkojo, mirija, pamoja na fangasi kama kandida. Kati ya mwezi wa pili na wa sita huja wale wanaonufaika na kinga iliyoshushwa, hasa virusi vya sitomegalo, hatari zaidi pale ambapo mtoaji alikuwa navyo na mpokeaji hajawahi kuvipata. Ndiyo sababu ya vidonge vya valgansiklovi, na vya kotrimoksazo vinavyozuia nimonia ya pneumosistisi. Baada ya hapo dozi za kushusha kinga hupunguzwa, na mtu huugua zaidi kwa yale yale ya watu wengine. Kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka wakati wowote, hivyo kitafutwe kabla ya upasuaji.

Homa ya kiasi gani ni ya kukimbilia hospitali?

Nyuzi 38 au zaidi, saa yoyote ya usiku. Usiishushe kwanza kwa parasetamoli ili uone itakuwaje. Tena prednisoloni huificha homa, kwa hiyo kutetemeka kwa baridi bila joto kusomeka nako kuhesabiwe.

Chanjo je?

Zilizotengenezwa kwa virusi au bakteria hai (surua, tetekuwanga, homa ya manjano, BCG, polio ya matone) hupewa kabla ya kupandikizwa, na baada ya hapo kwa kawaida hazitolewi. Za mafua, nimonia, pepopunda na homa ya ini B zinaruhusiwa. Chakula ni hivyo hivyo kwa wazo: nyama iliyoiva, mayai yaliyoiva, maziwa yaliyochemshwa, na wala usiguse chaza wabichi.

## Miaka inayofuata

Nimepita mwaka salama. Bado kuna la kuogopa?

Lipo, ila halitoki tena kwenye mishono. Baada ya mwaka wa kwanza, wengi hudhuriwa na moyo, figo, saratani na maambukizi kuliko kukataliwa kwa ini.

Figo ndizo za kwanza kutazamwa. Takrolimasi na saiklosporini hubana mishipa yake midogo, na karibu mtu mmoja kati ya watano hupata udhaifu mkubwa wa figo ndani ya miaka 5. Timu inaweza kupunguza dozi na kuongeza mikofenoleti au everolimasi, ambazo nazo hushusha kinga, lakini ifanye hivyo mapema, kabla kreatinini haijazoea kukaa juu. Kisukari, shinikizo la damu, lehemu na unene hufuatana na dawa hizi. Wengi hunenepa kwa furaha ya kupata tena hamu ya kula. Mikono kutetemeka kwa takrolimasi kunasumbua lakini hakuharibu kitu, ingawa kukizidi ghafla ni ishara ya dozi kuwa juu.

Saratani huongezeka kwa sababu kinga inayoshushwa ili mwili usilikatae ini ndiyo hiyo hiyo inayowinda seli mbovu. Za ngozi ndizo nyingi: jifunike juani na daktari akague ngozi kila mwaka. Tezi zilizovimba bila kuuma, homa zisizoeleweka na kukonda huweza kuwa limfoma, yaani saratani ya tezi, inayochochewa na virusi vya Epstein-Barr. Wakati mwingine hurudi nyuma kwa kupunguza dawa tu. Kuhusu ngiri kwenye kovu: ni ya kawaida sana, na inaweza kusubiri isipoleta maumivu.

Ugonjwa ulioua ini langu la kwanza unaweza kurudi?

Mingi inaweza. Homa ya ini C ilikuwa ikirudi kwa karibu kila aliyekuwa na virusi. Sasa vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya walio wengi mno. Homa ya ini B huzuiwa kwa tenofovi au entekavi pengine pamoja na kingamwili, na vidonge hivyo haviachwi. Mafuta kwenye ini hurudi pamoja na uzito. Pombe hurudi kwa baadhi ya watu, na anayelisema mapema husaidiwa zaidi ya anayeficha. Magonjwa ya kinga na ya mirija ya nyongo hurudi kwa sehemu ya wagonjwa, mara nyingi taratibu.

Saratani ya ini ina kipimo chake, kilichotolewa Milan mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja, bila kuingia kwenye mishipa wala kutoka nje ya ini. Ndani ya mipaka hiyo, kurudi ni kwa wachache.

## Anayetoa kipande cha ini

Ndugu yangu anataka kunipa. Anahatarisha nini?

Anahatarisha maisha, kwa kiwango kidogo lakini halisi. Kwa anayetoa upande wa kulia, ambao ni karibu asilimia 60 ya ini, hatari ya kufa hukadiriwa kati ya mtu 1 kwa 200 na 1 kwa 500. Kipande kidogo cha kushoto kinachopewa mtoto ni karibu 1 kwa 1,000. Kati ya watoaji 10, wawili hadi wanne hupata tatizo fulani, mengi madogo: kuvuja nyongo, maambukizi ya kidonda, maumivu yanayokaa. Sehemu kubwa ya ini hukua tena ndani ya miezi miwili au mitatu. Kovu halikui nalo.

Apate daktari wake mwenyewe, asiye wako, na aulizwe akiwa peke yake. Kituo kizuri humpa njia ya kujitoa hadi dakika ya mwisho, na ndugu huambiwa tu kwamba "hafai kitabibu".

## Maswali ya nadra

Naweza kupata mimba?

Ndiyo, na wengi wamejifungua salama. Ngoja angalau mwaka mmoja, vipimo vikiwa vimetulia. Mikofenoleti huharibu mimba, hivyo ibadilishwe angalau wiki sita kabla ya kutafuta mtoto. Mimba hizi zina shinikizo la damu na kuzaliwa kabla ya muda kwa wingi zaidi.

Upele na kuhara wiki chache baada ya upasuaji, lakini vipimo vya ini ni safi. Ni nini?

Mara nyingi ni dawa au virusi. Lakini seli nyeupe zikishuka pamoja na dalili hizo, daktari atafikiria hali adimu ambapo seli za kinga zilizokuja na ini zinashambulia mwili wa mwenyeji. Ni hatari sana, na ini lenyewe halidhuriki kwa kuwa seli hizo zinalitambua kama lao.

Ni kweli mtu anaweza kurithi mzio wa aliyemtolea ini?

Imeripotiwa: mtu aliyekuwa akila karanga maisha yake yote akavimba alipozila baada ya kupandikizwa. Kama mtoaji alikuwa na mzio mkali, timu itakuambia cha kukwepa.

Kuna walioacha dawa kabisa. Na mimi?

Wapo wachache ambao miili yao ililizoea ini, na waligunduliwa katika utafiti, dozi ikipunguzwa hatua kwa hatua na kinyama kikipimwa. Anayeacha mwenyewe hujulishwa matokeo na ini, na kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya kukataliwa, ini haliwahi kusema.

Ini la kwanza likifa, naweza kupewa la pili?

Inawezekana. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu ya makovu, na matokeo yake kwa jumla ni pungufu ya ule wa kwanza. Unaofanywa ndani ya siku chache, ini likiwa limegoma au ateri imeziba, hutangulizwa kwenye orodha. Wa miaka baadaye hupimwa upya tangu mwanzo: moyo, figo, maambukizi, na namna dawa zilivyokuwa zikimezwa.